Mlango Mmoja Siku Tisa: Hela Inayoenda Kwenye Gemu na Sisi Huku Arusha

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi pale Njiro, ukumbi mdogo tu, vijana kama sitini hivi na wazazi wachache waliokuja kuona watoto wao wanafundishwa nini. Baadhi waliniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni, pale nilipokatishwa na maswali nimeacha hivohivo, na sehemu mbili tatu nimeongezea nilichosahau kusema siku ile.

Wazee wangu shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, habari za mchana. Na nyie machalii mliosimama kule mlangoni sogeeni mbele jamani, viti vipo.

Mimi ni mtoto wa Moshi, Majengo. Kaka yangu alikua na banda la gemu kuanzia 2006, tivii nne za chogo, PS2 nne zote zimechipiwa, yaani zimefunguliwa zisome CD za kuchoma, benchi mbili za mbao, na padi ambazo kila wiki lazima moja ifunguliwe isafishwe maana vumbi halikua na huruma. Mimi nilikua nakaa mlangoni na daftari, naandika nani kaingia na kalipia mechi ngapi, mia mbili mechi moja. Mpira ndo ulikua unaleta hela, lakini gemu iliyokua inajaza banda hadi watu wanachungulia dirishani ilikua San Andreas, moja ya zile gemu za GTA. Na kuna kitu wakati ule sikukiwaza kabisa, gemu zilikua zinakuja haraka. GTA ya tatu ilitoka 2001, Vice City 2002, San Andreas 2004. Gemu tatu kubwa, miaka mitatu, kampuni ileile. Sasa angalieni ilivyokuja kuwa. Ya tano ilitoka Septemba 2013. Ya sita wakasema 2025, ikasogezwa Mei 2026, ikasogezwa tena hadi tarehe 19 Novemba 2026. Mtoto aliyezaliwa mwaka ile ya tano inatoka anavaa sare za sekondari.

Nini kimetokea hapo katikati? Ndo nilichoitiwa hapa leo, na ntajibu kwa kuwaelezea mlango.

Kazi yangu kwa miaka minne ilikua kutengeneza vitu vya 3D kwa ajili ya gemu za watu wa nje. Sio wahusika wala magari, hayo yana mafundi wake. Mimi nilikua mtu wa vitu vidogovidogo, pipa, kreti, taa ya ukutani, mkokoteni, mlango. Mlango wa mbao wa nyumba ya kijijini. Enzi zile za PS2 mlango ulikua ubao mmoja bapa, picha ya mlango imebandikwa juu yake, na kitasa chenyewe kimechorwa tu, fundi anaumaliza kabla ya chai ya saa nne. Wangu ulinichukua siku tisa. Siku ya kwanza unakusanya picha za milango ya kweli, na mimi nilienda kupiga picha mlango wa stoo ya bibi yangu kule Kibosho maana ulikua umechakaa vizuri. Alafu unauchonga kwenye kompyuta kwa vipembe mamilioni, vile vipande vidogo vinavyojenga umbo, kila ufa wa mbao, kila msumari uliopinda. Alafu mlango huohuo unautengeneza upya kwa vipembe vichache ili mashine ya anayecheza iweze kuubeba, unahamisha ule undani kutoka kwenye mzito kwenda kwenye mwepesi, alafu rangi, ukungu kule chini kwa sababu mvua inarukia pale, weusi wa mafuta ya vidole karibu na kitasa kwa sababu watu wanashika palepale kila siku. Alafu matoleo mengine ya huohuo, wa kuonwa karibu, wa mbali kidogo, wa mbali sana. Alafu kuna mtu kwenye timu anataka mlango uvunjike ukipigwa teke, kwa hiyo naukata vipande, na kila kipande kinataka kuwa na ndani yake, ile mbao nyeupe ambayo haijawahi kuona jua. Alafu unaupeleka, na mkuu wa sanaa anaurudisha anasema kitasa kimekaa juu sana.

Anayecheza anaupita kwa sekunde mbili.

Sasa chukua huo mlango zidisha kwa kila kitu unachokiona kwenye skrini, viti, majani, mawe, nguo, nywele, kila nyumba na kila nafsi inayotembea barabarani na sauti yake. Ndo hapo hela inapoishia. Watu wengi wanadhani gemu inakua ghali kwa sababu ya mitambo. Hapana. Mitambo ni sehemu ndogo. Gharama ya gemu ni mishahara ya watu, watu wengi, kwa miezi mingi, na wala hakuna siri nyingine. Huko nje walikua wanapiga hesabu ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi, yaani mshahara, bima, ofisi, kila kitu, na kwenye miji ghali kama Los Angeles saivi inapita 15,000. Weka watu 300 kwa 10,000, ni dola milioni 3 kila mwezi hata kama mwezi huo hakuna kilichokamilika. Miaka mitano ni milioni 180, na bado hujatangaza popote.

Na hizi hesabu sizitoi hewani. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilikua mahakamani inajaribu kuzuia Microsoft isiinunue Activision Blizzard, wale wa Call of Duty, na Sony, wale wa PlayStation, wakapeleka karatasi zao pale. Zile namba za siri zilikua zimefutwa kwa maka pen nyeusi, zilipopigwa skani maandishi yakaonekana chini ya wino. Ikajulikana gemu yao ya The Last of Us Part II ilikula dola milioni 220, na Horizon Forbidden West milioni 212, watu kama 300 kwa miaka mitano. Mwisho wa mwaka huohuo wahalifu wa mtandao wakaiba mafaili ya Insomniac, wale wanaotengeneza Spider-Man, na humo ikaonekana Spider-Man 2 ilikua na bajeti ya kama dola milioni 300, mara tatu ya ile ya kwanza ya 2018. Kwa shilingi yetu, tuseme elfu mbili na mia tano kwa dola, hiyo ni bilioni 750. Gemu moja. Ili irudishe hela tu, bila faida, ilibidi nakala zaidi ya milioni 7 zinunuliwe kwa bei kamili. Ilifanikiwa, iliuza milioni 11 ndani ya miezi sita, lakini humo humo kwenye mafaili yao walikua wanajiuliza wenyewe kama anayecheza anaiona kweli hiyo mara tatu ya hela. Mimi swali hilo lilinigusa sana kwa sababu mimi ni mtu wa milango, najua jibu.

Zamani gemu ya Shenmue ya kampuni ya Sega, ya 1999, iligharimu dola kama milioni 47, na dunia ilishangaa. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza 2023 iliandika kwamba gemu kubwa za kutoka 2024 na 2025 zilishapewa bajeti za milioni 200 kwenda juu, wakati miaka mitano nyuma ilikua kati ya 50 na 150. Na Call of Duty ya 2020, ile Cold War, kiongozi wao aliandika kwenye nyaraka za mahakama kwamba imekula dola milioni 700 ukijumlisha na matunzo ya baada ya kutoka. Nimesoma hiyo namba mara tatu.

Hapa nilikatishwa. Mzee mmoja aliyekaa mstari wa pili, mfanyabiashara wa madini zamani, alinyoosha mkono akauliza, "Binti, sasa mtu mwenye akili anawekaje hela hiyo kwenye kitu ambacho hajui kama kitauzika?" Nikamjibu mzee wangu wewe ndo unajua kuliko mimi, hebu tuongee Mirerani, kule kwenye migodi ya tanzanite.

Mwenye mgodi Mirerani anafanyaje? Analisha vijana. Unga, maharage, baruti, dizeli ya kompresa, mwezi wa kwanza, mwezi wa sita, mwaka wa pili. Mgodi haujatema. Na kadiri anavyoshuka chini ndivyo kila mita inavyokua ghali kuliko ya jana, hewa inapungua, kamba ndefu zaidi, hatari zaidi, na hapo ndo anakua hawezi kuacha, maana akiacha leo yote aliyoweka imekwenda na akiendelea anaongeza. Juni 2020 mchimbaji Laizer alipouza yale mawe mawili ya tanzanite kwa bilioni 7.7 kila mtu hapa mjini alilijua jina lake ndani ya siku moja. Mashimo ambayo hayakutema mwaka huohuo nani aliyahesabu? Mzee akatikisa kichwa akasema ni mengi, mengi sana.

Basi gemu kubwa za saivi ni mgodi mrefu wa namna hiyo. Kulikua na gemu inaitwa Concord, ya Sony. Watu waliifanyia kazi karibu miaka 8. Ikatoka tarehe 23 Agosti 2024. Tarehe 6 Septemba ikazimwa, wateja wakarudishiwa hela, wiki mbili tu. Oktoba studio yenyewe ikafungwa. Na tofauti na hoteli, mtu akijenga hoteli hapa Sakina ikakosa wageni bado jengo lipo, atauza, atapangisha, litageuzwa chuo. Gemu iliyokufa haiachi tofali. Hata ile milango haiuziki.

Sasa mwenye mgodi aliyeshawahi kuumia anafanya nini? Anachimba jirani na pale alipotema mwenzie. Ndo maana ukifungua orodha ya gemu kubwa za mwaka wowote unaona namba, ya pili, ya tatu, ya sita, na zile za zamani zilizopakwa rangi upya. Sio kwamba mafundi wameishiwa mawazo, nimefanya kazi na mafundi hao, mawazo wanayo mpaka yanamwagika, ila anayeshika hela anaogopa, na anaogopa kwa haki kabisa kwa sababu kosa moja la milioni 300 linafunga ofisi. Kwangu mimi hili ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye habari hii ya gharama. Hela inaamua gemu ipi ijaribiwe na ipi isijaribiwe kabla hata mtu wa kwanza hajaandika mstari wa programu. Tango Gameworks ya Japani, studio iliyokua chini ya Microsoft, walitoa Hi-Fi Rush Januari 2023, gemu ndogo ya muziki, tofauti kabisa, ikasifiwa kila kona na ikachukua tuzo. Mei 2024 Microsoft wakatangaza kuifunga studio. Bahati Krafton ya Korea iliwachukua Agosti mwaka huohuo, vinginevyo ingekua ndo basi.

Na walipoogopa wakapunguza watu. Mwaka 2023 wanaofuatilia walihesabu zaidi ya watu 10,000 waliopoteza kazi kwenye gemu, 2024 wakazidi hao. Microsoft walilipa dola kama bilioni 69 kuinunua Activision Blizzard Oktoba 2023, miezi mitatu baadae wakatoa watu 1,900. Sony Februari 2024 wakatoa 900 na studio yao ya London ikafungwa. Sitaki kusema yote ni gharama, hapana, kipindi cha korona watu walikaa ndani wakacheza sana, makampuni yakaajiri kama vile hiyo hali haitaisha, na riba za mikopo zikapanda. Lakini ukiwa umeshika mradi wa milioni 200 na riba imepanda, unatafuta pa kukata, na pa kwanza kukatwa ni yule aliye mbali.

Aliye mbali nilikua mimi. Kampuni iliyokua inanipa kazi sitaitaja, ilikua inachukua kazi kutoka kwa studio kubwa inatugawia sisi wa nchi za bei rahisi, mimi huku, wenzangu wengine Asia, tulikua tunasalimiana kwenye kundi la chati, huku usiku, kwao asubuhi. Mwanzoni mwa 2024 ikaja imeili ya mistari minne. Mradi umesitishwa. Asanteni kwa mchango wenu. Kazi ambazo hazijapitishwa hazitalipwa. Nilikua na kazi za wiki sita hazijapitishwa. Na kinachoniuma mpaka leo sio hata hizo hela, ni kwamba nilisaini mkataba wa siri, kwa hiyo ile milango na mikokoteni ya miezi kumi na nne siruhusiwi kumuonyesha mtu yeyote, hata nikienda kuomba kazi nyingine siwezi kusema tazama hiki nilikifanya mimi. Mlango wa stoo ya bibi yangu uko kwenye kompyuta fulani mahali fulani na hakuna mtu atakayeufungua. Bibi alishafariki. Stoo imebomolewa.

Nilinyamaza kidogo hapo, mtanisamehe.

Swali lililofuata lilitoka kwa dada mmoja wa chuo, kwamba hizo gharama mwisho wa siku nani analipa. Dadangu, unalipa wewe, kwa njia mbili. Ya kwanza ni bei. Miaka karibu kumi na tano gemu kubwa ilikua dola 60, kuanzia 2020 ikawa 70, na 2025 Nintendo wakaweka Mario Kart World kwa 80. Dola 80 ni laki mbili. Huku laki mbili ni kodi ya chumba. Ndo maana mabanda yetu yalikua yanaishi kwa CD za kuchoma za elfu mbili, na nasema wazi mbele yenu kwamba sisi pale Majengo hatukuwahi kumlipa hata senti mtu aliyetengeneza San Andreas, na nilikuja kuelewa uzito wake siku kazi yangu mimi ilipoachwa bila kulipwa.

Njia ya pili ni ile isiyoonekana, gemu haiishi kukudai. Kadi, nguo za mhusika, pakiti za wachezaji. EA, wale wa gemu ya mpira mnayoicheza nyote, zaidi ya theluthi mbili ya mapato yao yanatoka kwenye mambo hayo ya ndani ya gemu, sio kwenye kuuza gemu yenyewe. Septemba 2025 ikatangazwa wananunuliwa kwa dola bilioni 55, mfuko wa Saudi Arabia na wenzao, na bilioni 20 kati ya hizo ni mkopo. Mkopo ule unalipwa na nani? Mimi naona kijana anayefungua pakiti saa nane ya usiku kwa bando la usiku. Wazazi mliopo hapa, mtoto akiomba hela ya gemu ambayo tayari anayo, muulize anaenda kununua nini, kaa nae akuonyeshe kwenye skrini.

Haya. Sasa upande wa pili, maana sikuja kuwakatisha tamaa.

Kuna watu wametengeneza gemu kwa hela kidogo na zimeshinda za mabilioni. Balatro, gemu ya karata, mtu mmoja wa Canada, Februari 2024, ndani ya mwaka nakala milioni 5. Clair Obscur: Expedition 33 ya Ufaransa, mji wa Montpellier, timu ya ndani kama watu 30, wenyewe walisema bajeti haikufika dola milioni 10, na ndo ikabeba gemu bora ya mwaka 2025 mbele ya wakubwa wote. Hizi habari mnazipenda, mnazituma kwenye magrupu kila siku. Lakini naomba tuzisome mpaka chini. Ile timu ya 30 ilikua na wahuishaji wa Korea pembeni, wajaribuji, waigizaji wa sauti, na injini ya Unreal, yaani programu ya kujengea gemu, imewabebea kazi ambayo zamani ingetaka mafundi mia. Na ile Stardew Valley, ya shamba, Eric Barone aliifanya peke yake miaka minne na nusu, ikatoka Februari 2016, imeuza zaidi ya milioni 40. Peke yake, sawa. Ila alikua anafanya kibarua cha kuonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho Seattle, na mpenzi wake alikua anafanya kazi ili nyumba iende. Gharama haikufutika. Ni miaka minne na nusu ya mtu mzima kula na kulala, kuna mtu aliilipa, basi tu hakuandikwa kwenye bajeti. Na mwaka 2024 peke yake Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, walipandisha gemu zaidi ya 18,000. Tunazijua kama kumi.

Kwa hiyo ukija kwangu na wazo la gemu ya ulimwengu mzima wa Maasai wenye mbuga na miji na vita na farasi mia, na nimeshapokea mawazo ya hivo matano tangu mwaka juzi, mimi sitakuuliza hadithi. Ntakuuliza miezi mingapi na nani anakulisha. Tufanye hesabu hapa hapa. Niliandika ubaoni. Vijana watatu, kila mmoja laki sita kwa mwezi, sio mshahara wa kutajirika ila unalipa chumba Kijenge na msosi. Umeme, bando, kodi ya chumba cha kazi, laki mbili. Jumla milioni 2 kwa mwezi. Miezi minane, milioni 16. Kwa dola ni 6,400. Blender ya kuchongea 3D ni bure, Godot ya kujengea gemu ni bure, Unreal haikudai mpaka gemu iingize dola milioni moja ndo wachukue asilimia 5 ya zinazozidi. Unauza gemu dola 5, Steam wanakata asilimia 30, unabaki na tatu na nusu. Gawanya, unahitaji nakala 1,830 hivi, weka kodi na wanaorudisha gemu na nchi ambazo bei iko chini, tuseme 2,500. Watu 2,500 dunia nzima. Watatu haohao wakikaa Los Angeles kwa 15,000 kwa mwezi, miezi minane ni dola 360,000.

Chalii mmoja alipiga makofi hapo na wengine wakafata, nikawaambia subirini kwanza. Hiyo tofauti ya 6,400 na 360,000 ndo nafasi yetu, ni kweli kabisa. Lakini ndo hiyohiyo iliyomleta yule aliyenipa milango. Alikuja kwangu kwa sababu mimi ni wa bei rahisi, akaniacha siku hela ilipobana kwa sababu kuniacha mimi hakuna gharama, hakuna mahakama ya kazi inayonifikia, hakuna kiinua mgongo. Siwaambii msichukue hizo kazi. Chukueni, nilijifunza kule kuliko shule yoyote. Ila mkataba usome wewe au msomeshe mwanasheria, kifungu cha malipo ya kazi isiyopitishwa na kifungu cha kuonyesha kazi yako, hivyo viwili, usisaini bila kuvielewa. Na hela ya kazi hiyo itenge, miezi minane ya kwako mwenyewe itoke humo.

Kitu kingine kidogo. Aprili 2024 ilitoka gemu inaitwa Tales of Kenzera: Zau, ya Surgent Studios ya Uingereza, kiongozi wake Abubakar Salim ana asili ya Kenya, aliitengeneza akiwa anamlilia baba yake. Ina sauti za Kiswahili. Niliiweka kwenye tivii nyumbani, kaka yangu yule wa banda alikua amekuja kutoka Moshi, amekaa anakunywa chai, mhusika akaanza kuongea. Kaka akaweka kikombe chini. Hakusema kitu, alisogea tu karibu na tivii, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, akakaa sakafuni kama wale watoto wa bandani kwake. Miaka yote ile anafungua na kufunga banda hakuna gemu hata moja iliyowahi kuongea nae. Na miezi michache baadae ile studio nayo ikapunguza watu. Nawaambia yote mawili kwa sababu yote mawili yalitokea.

Cameroon wapo Kiro'o Games walitoa Aurion tangu 2016, wakiwa Yaoundé, umeme unakatika kama huku. Afrika Kusini wapo Free Lives, Broforce yao imechezwa dunia nzima. Sio kwamba haijawahi kufanyika barani.

Baada ya hapo kulikua na maswali mengi, mengine ya kompyuta gani inunuliwe, hayo nilijibu haraka, iliyopo inatosha. Mama mmoja alisubiri watu wapungue akanifata pembeni akasema mwanae amemaliza kidato cha sita, analala saa kumi alfajiri na hiyo kompyuta, yeye ampe mda gani. Nikamwambia mama, mpe miezi minne na muandikishiane tarehe kwenye karatasi, na mwisho wa hiyo miezi akuletee gemu moja iliyoisha, hata kama inachezwa dakika kumi, ilimradi ina mwanzo na ina mwisho na wewe mwenyewe unaweza kuishika ukaicheza. Akaniuliza dakika kumi tu? Nikamwambia dakika kumi zilizokamilika ni kazi kubwa, mimi nimefanya miezi kumi na nne ya kitu ambacho hakikuisha.

Akamuita mwanae. Kumbe ndo yule chalii aliyepiga makofi. Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka akanionyesha, gemu ya bodaboda, unambeba abiria kutoka Sanawari kwenda Kilombero, mvua inanyesha, barabara amechora kwa mistari tu na nyumba ni maboksi matupu, milango haina. Mlio wa pikipiki alirekodi mwenyewe kijiweni. Nikaendesha. Ukifika kona ya Mianzini gemu inakwama, kila mara palepale. Tulikaa kwenye ngazi za ukumbi tukatafuta kosa liko wapi, mama yake amesimama na mwavuli anasubiri, mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Hatukulipata. Anakuja Jumamosi.